Nguzo Nne Kabla ya Jalidi

4 Agosti

Leo wameshusha jukwaa la mabomba upande wa mbele, na kwa mara ya kwanza nimeiona nyumba yangu uso kwa uso. Madirisha matano juu, manne chini, paa limetulia, na katikati pengo la mlango linalosubiri baraza. Jiwe letu la huku Dorset likipata jua linakuwa na rangi ya samli. Nimelia kidogo, kisha nikajifanya nina mafua.

Miaka saba nimechora madirisha ya nyumba za bosi wangu Crispin, na ngazi za Crispin, na mara moja banda la farasi la Crispin. Hii ndiyo nyumba ya kwanza niliyoisanifu mwenyewe, mimi Tamsin, kuanzia bomba la moshi mpaka chuma cha kukwangulia matope mlangoni. Na roho yake ni hilo baraza la nguzo nne ambalo bado halipo. Ukiliondoa unabaki na ghala lenye madirisha mazuri.

Basi leo hii hii, kabla furaha haijanikaa vizuri, Neville akaleta maneno. Neville ni mtoto wa pekee wa mwenye nyumba, Bi Maureen Tuckwell, mjane wa miaka sabini na moja aliyetajirika kwa kufuga nguruwe, na ambaye kwa sasa anaishi kwenye nyumba ya magurudumu pale pale uani ili asipitwe na kitu. Neville anasema mfuga nguruwe hahitaji nguzo. Anasema kule baa watu wameshaipa nyumba jina, Hekalu la Nguruwe. Mimi nilitaka kucheka, lakini Bi Tuckwell hakucheka. Alikoroga chai yake muda mrefu, halafu akatoa hukumu.

"Nguzo zikiwa zimesimama kabla ya jalidi ya kwanza, zitabaki. Zisiposimama, tunaweka mlango wa kawaida na mabomba yaliyobaki yaondoke. Sikai msimu mwingine wa baridi natazama mabomba."

Jalidi ni adui wetu kweli. Umande ukiganda usiku na chokaa baina ya mawe bado mbichi, chokaa inageuka unga. Hapa kijijini Winterhay jalidi huingia wiki ya kwanza ya Novemba. Miezi mitatu, basi. Nilisema tutaweza, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

9 Agosti

Mvua.

13 Agosti

Mvua siku ya tano. Nimepeleka michoro ya nguzo kwa wachonga mawe. Ilikuwa imekaa kwenye buti la gari tangu Jumamosi, pamoja na makoti yangu yaliyolowa, kwa sababu kila nilipotaka kutoka mbingu zilifunguka.

Lazima niandike kuhusu michoro hii maana siwezi kunyamaza. Niliichora Julai, kwenye lile joto, nimepiga magoti sakafuni ofisini, kwa penseli, ukubwa wa kweli. Nguzo ya sentimeta sitini ni sentimeta sitini kwenye karatasi. Siku hizi wenzetu wanatuma faili na mashine inakata. Sisi kwa Crispin hatuna mambo hayo. Nguzo nzuri hainyooki kama bomba, inakonda kidogo kidogo kuelekea juu kwa mstari uliopinda kwa siri, na ule mstari niliufuta nikaurudia mara kumi na tisa. Ya ishirini ilipotokea niliruka ruka peke yangu.

Msimamizi wa karakana ni Dilys Garside, mwanamke wa makamo mwenye vumbi la mawe hadi kwenye nyusi. Alitazama michoro asiseme hata neno la kusifu. Kisha akauliza, "Vipimo viko wapi, bibie?"

Nikamwambia huu ni ukubwa wa kweli, vipimo vya nini, afuatishe mstari. Akasema yeye hupenda namba. Basi nikachukua penseli nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: FUATA MSTARI, USIPIME. Aliisoma, akanitazama, akaenda kuchemsha maji. Nimerudi nyumbani damu inachemka. Watu wengine wivu hawawezi kuuficha.

14 Agosti

Dilys amefuatisha mchoro wa vitako vya nguzo na kukata bati lake la kuchongea, kigezo cha kufuata kwenye jiwe. Mwili wa nguzo utangoja mwezi ujao, machimbo yakitoa mawe marefu.

22 Agosti

Mvua. Crispin alikuja kukagua, akala keki, akaondoka.

4 Septemba

Jua. Kumekauka mpaka nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Dilys amekata bati la mwili wa nguzo. Na leo kitako cha kwanza kimefika kwenye trela, kimefungwa kwa magodoro. Nimekipapasa pande zote, michirizi yake, duara lake la juu, mpaka dereva akaniuliza kama ningependa kuachwa nacho faraghani. Acha aseme. Kilikuwa mstari kwenye karatasi, sasa kinahitaji wanaume wanne kukibeba.

19 Septemba

Nimeshinda karakana. Kipande cha kwanza cha mwili wa nguzo kiko kwenye benchi, na ule mkunjo wangu wa siri umo, ukiinama unauona. Kila nguzo itakuwa na vipande vitatu. Nilimzunguka Dilys nikimweleza jinsi jua la asubuhi litakavyoupiga ubavu wa nguzo na kivuli kitakavyolala. Aliendelea kugonga. Nilipomaliza akasema, "Nzuri."

Neno moja tu, lakini naliandika hapa.

26 Septemba

Vitako vinne vimekaa mahali pake na chokaa yake imekomaa. Neville amepita na simu mkononi kuniambia kwamba baridi ya mwaka huu inasemekana itawahi. Nikamshukuru kwa taarifa.

7 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi kreni ilinyanyua kipande cha kwanza. Wote tulikuwepo, hata Bi Tuckwell na mabuti yake ya zizini. Kilishuka taratibu, Dilys akikiongoza kwa kiganja, kikakaa juu ya kitako chake. Halafu nikaona. Kitako kilikuwa kipana kuliko nguzo. Si sana, kiasi cha unene wa punje ya ngano pande zote, lakini jua lilipiga pale na kivuli kikachora mduara ambao haukutakiwa kuwepo. Nguzo ilionekana imevaa kiatu cha mtu mwingine.

Tukajaribu kitako cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote hivyo hivyo.

Sijivunii kilichofuata. Nilimgeukia Dilys mbele ya wafanyakazi wake wote nikamwambia hajui kufuata mstari. Nikasema nilimpa mchoro safi naye akaukata kwa macho yaliyofumba. Nikasema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Bi Tuckwell aliniangalia kama mtu anayeangalia mnyama wa kumnunua na kuona meno yake mabovu.

Dilys alikwenda kwenye gari lake akarudi na mchoro wangu pamoja na lile bati la kitako, akaingia kibanda ambamo mafundi hunywea chai, nami nikamfuata bado nabwata. Akalaza bati juu ya karatasi. Bati lilizidi mstari wa penseli, punje ile ile ya ngano. Nikasema, si unaona?

Akatundika karatasi kwenye kamba mbele ya dirisha, akaweka birika motoni, akafunga mlango.

"Tunywe chai kwanza," alisema.

Tukanywa. Birika liliachwa lichemke, mvuke ukajaa mpaka kioo kikatiririka maji. Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa hasira. Cha pili nilikinywa huku naitazama ile karatasi. Alipoishusha karatasi ilikuwa imelegea. Akailaza mezani, akaweka bati juu yake. Mstari na bati vilikutana sawasawa, kote kote.

"Karatasi ikinywa maji inanenepa," Dilys alisema. "Uliniletea hii siku ya mvua, bibie. Ile ya mwili wa nguzo niliikata ikiwa imekauka. Ndiyo maana napenda namba."

Na pale pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, FUATA MSTARI, USIPIME. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimemwomba radhi pale pale, kisha nikatoka nje nikamwomba radhi tena mbele ya wale wale walionisikia nikimtukana. Alitikisa kichwa kidogo akasema chai ilikuwa nzuri.

8 Oktoba

Crispin alikuja mbio, safari hii bila kula. Alizunguka nguzo mara mbili, akasugua kidevu. "Tuseme tulikusudia," alisema. "Nusu ya kazi yetu ni kusema ulikusudia." Na anaweza, Crispin. Amewahi kumshawishi mtu kwamba ngazi iliyopinda ni mtindo.

Nilishawishika kwa muda wa kama dakika tano. Lakini maji ya mvua yatakaa kwenye ule ukingo, yataganda, yatakula jiwe. Na hata yasipolila, mimi nitaujua ule mduara mpaka nakufa.

Dilys ana njia mbili. Kuchonga vitako vipya, wiki saba, yaani jalidi itatukuta njiani. Au kuvipunguza vilivyopo, hapo hapo vilipo, kwa mkono. Lakini huwezi kukwangua ukingo wa juu tu, kitako kitaonekana kimenyolewa. Lazima michirizi yote ishuke na kubadilika mpaka chini, na umbo hilo jipya halina mchoro.

"Basi nitauchora," nikasema.

"Chora. Mimi naanza keshokutwa asubuhi kwa jicho. Siku kumi na mbili, usiponisimamia kichwani."

Kwa maneno mengine, vitako vya nyumba yangu ya kwanza havitakuwa vyangu.

9 Oktoba

Mficha uchi hazai. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Tuckwell. Neville alikuwepo, anakula mayai. Nikasema yote: karatasi, mvua, ule ujeuri wangu wa penseli. Crispin alikuwa amenishauri nitumie maneno kama "hali ya hewa" na "uratibu". Nikayaacha.

Neville aliweka uma chini akasema hapo sasa, mlango wa kawaida.

Mama yake hakumjali. "Nani aliyekosea?" akaniuliza.

"Mimi."

"Yule mchonga mawe alikuonya?"

"Alinionya."

Akanipa vidonge vyangu kwa dakika nzima. Kisha akasema nguruwe jike akiwalalia watoto wake watatu humpigi, unawatazama waliobaki. Nikamuuliza kama ataniongezea wiki mbili.

"Tarehe ya jalidi sipangi mimi, mwanangu," akasema. "Nenda ukafanye kazi."

10 Oktoba

Dilys ameanza. Nilifika na karatasi yangu chini ya kwapa, mchoro mpya niliokesha nao. Nilimtazama akipiga patasi mara kama hamsini. Nikaurudisha mchoro garini.

14 Oktoba

Mvua. Tumefunika kwa turubai, anachonga chini yake. Mimi nashika taa ubavuni ili kivuli kimwonyeshe alipofika. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa, mshika taa, na sijawahi kufurahi hivi kazini. Anagonga, anafuta vumbi kwa kiganja, anarudi nyuma hatua tatu, anainamisha kichwa, anagonga mara mbili tu. Nimemuuliza anajuaje pa kuachia. Akasema anaacha jiwe linapoacha kumuudhi.

17 Oktoba

Mvua. Kitako cha pili kimekwisha. Neville ameegemea gari lake anatazama mbingu.

22 Oktoba

Vyote vinne! Siku kumi na mbili za kazi ukiitoa Jumapili moja ya mvua mbaya.

Nimetembea hadi mwisho wa uwanja nikageuka. Wacha niseme ukweli kwenye shajara yangu mwenyewe: ni vizuri kuliko nilivyovichora. Vyangu vilikuwa sahihi, vimenyooka, vya kitabuni. Hivi vimekaa chini kwa uzito wake, nguzo inaonekana imepumzika. Inauma kwa dakika kama tatu hivi, halafu inafurahisha ajabu. Nilimwambia Dilys neno kwa neno. Masikio yake yakawa mekundu, akaniuliza kama nimeleta maziwa ya chai.

28 Oktoba

Nguzo mbili zimesimama. Nimepiga picha sitini na nane, zote ni zile zile.

1 Novemba

Mvua kutwa, na upepo. Turubai limeng'oka, magunia yote ya kufunikia chokaa yamelowa chapachapa. Hakuna kazi.

3 Novemba

Ya tatu.

5 Novemba

Kipande cha mwisho cha nguzo ya nne kilikaa saa nane na dakika ishirini mchana. Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye matope tu. Nguzo nne, nyumba nyuma yake, na mbingu safi kabisa.

Na hiyo mbingu safi ndiyo balaa. Dilys aliitazama akasema usiku huu kutaganda, tena vibaya. Redio ikasema hivyo hivyo, nyuzi nne chini ya sifuri. Chokaa ya nguzo ya tatu ina siku mbili, ya nne haina hata saa moja. Magunia bado yana maji, na gunia lenye maji likiganda ni heri hata lisiwepo.

Neville hakuwa mkali, nakiri. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. "Mama, zimesimama, sikatai. Lakini kesho zitakuwa unga kwenye maungio, na itabidi zishushwe. Umejaribu. Tuweke mlango tu."

Bi Tuckwell alimtazama, akazitazama nguzo, akageuka akaingia kwenye nyumba yake ya magurudumu na kufunga mlango. Dilys alianza kukunja kamba zake polepole. Nikajua ndiyo mwisho.

Mlango ukafunguka kwa teke. Bi Tuckwell alitoka amebeba matandiko yake yote: mablanketi, shuka za sufu, na lile tandiko la maua ya njano alilopewa siku ya harusi yake. Akaturushia.

"Mnasimama nini? Dilys, funga hizo. Tamsin, njoo nami."

Nikamkimbilia hadi zizini. Huko kuna zile taa nyekundu za joto wanazowatundikia watoto wa nguruwe wakizaliwa kwenye baridi. Akazitoa saba. Akanipakia marobota ya majani makavu kwenye toroli huku akinifundisha bila kuvuta pumzi: majani yakae chini kuzunguka kitako, turubai liwe hema juu ya yote, taa zining'inie katikati, mbali na majani, unataka kunichomea nyumba, msichana? Kwa miaka arobaini na nane amewakesha wachanga kwenye usiku wa baridi kuliko huu, alisema, na hajazaliwa jalidi wa kumfundisha yeye kazi.

Tulipanda ngazi, tukafunga, tukakaza. Watu wa kijiji walianza kupita na watoto wao kwenda kwenye moto wa sherehe na fataki unaowashwa kila mwaka tarehe hii, wakasimama barabarani kushangaa nguzo zilizovaa matandiko. Mmoja akauliza kama kuna mgonjwa.

"Kuna wachanga wanne," Bi Tuckwell akajibu. "Piteni taratibu."

Neville alikuwa bado amesimama na mikono mfukoni. Mama yake, juu ya ngazi, tandiko la harusi likiwa limemfunika nusu ya uso, akamwita. "Neville, shika ncha hiyo." Nikadhani atakataa. Akatoa mikono mfukoni, akashika.

6 Novemba

Shamba lote jeupe. Nilifika saa moja asubuhi, maji ya kwenye ndoo yamekuwa jiwe. Bi Tuckwell alikuwa ndani ya hema, kwenye kiti, koti juu ya koti, chupa ya chai mapajani, uso mwekundu kwa zile taa. Hakusema amekaa hapo tangu saa ngapi, nami sikuuliza. Neville alikuwa amesinzia kwenye robota la majani.

Dilys alifungua blanketi la nguzo ya kwanza. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye chokaa, akautazama. Hakuna unga.

"Nzima," alisema.

Akaenda ya pili. Nzima. Ya tatu alibonyeza mara mbili, kwenye maungio yote. Nzima. Ya nne alipiga goti, akakaa pale muda ambao kwangu ulikuwa mwaka, mimi nimeshika mkono wa Bi Tuckwell bila kujua nimeushika lini.

"Hii pia. Iachwe imefunikwa hadi Jumapili, lakini ni nzima."

Nilipiga ukelele uliowaamsha kunguru wote wa Winterhay. Nikamkumbatia Dilys na vumbi lake, naye akaniacha. Neville aliamka, akazisogelea nguzo, akaweka kiganja kwenye ile ya kwanza. Akakaa hivyo. Kisha akakohoa, akasema kuna jambo. Ule mlango wa kawaida, yeye alishauagiza tangu Septemba, na unaletwa leo alasiri. Aufanye nini?

Bi Tuckwell hakugeuka. Macho yake yalikuwa juu, pale nguzo ya nne inapoishia.

"Upeleke zizini," akasema.